Haikuwa Nobu Uliyoizungusha

Milembe mwanangu,

Habari za safari ya kesho, nauli, maji ya njiani na begi la kukaa nalo miguuni, mama yako ameshakusomea mara tatu tangu asubuhi, na shangazi yako wa Kahama amepiga simu mara mbili kuzirudia. Mimi sina la kuongeza hapo. Uko kwa jirani unasukwa. Nilipochungulia mlikuwa hamjafika nusu ya kichwa, kwa hiyo nina kama saa mbili. Nimefunga mlango wa kibanda, nimesogeza vyuma pembeni, naandika juu ya meza ileile.

Nilitaka kukuambia kwa mdomo. Jumapili tulipotoka ibadani nilianza, ukaniuliza kama nimeona wingu upande wa Maswa, nikaanza kuzungumza habari za wingu. Unanijua. Kwa mdomo naweza kubishana na mteja mpaka akaomba radhi kwa kosa langu. Ndiyo maana nimechukua karatasi.

Wiki iliyopita nilikuwa nyuma ya nyumba nakaza mnyororo wa pikipiki, nyie mko jikoni. Mama yako akakuuliza kwa nini uliiacha ile nafasi ya chuo cha ufundi. Barua ilikuja na jina lako, ukakaa nayo mpaka tarehe ikapita. Ukamwambia, "Mama, sitaki kazi ya kushika vitu vya watu."

"Na nguo za dukani kwa shangazi yako ni zako?"

"Nguo haziungui nikizigusa."

Mlicheka wote wawili. Mimi niliuacha mnyororo ukining'inia, nikaenda kukaa chooni kama mtoto aliyevunja chungu.

Milembe, miaka minne umeamini kwamba uliiua simu ya Masunga. Hukuiua wewe. Niliiua mimi, nikajua ndani ya siku nane kwamba ni mimi, na nikanyamaza. Hiyo ndiyo barua yenyewe. Yaliyobaki ni vipimo, maana nilikufundisha usimwamini fundi asiyeonyesha vipimo.

Nianzie mbali kidogo, si kwa kutafuta huruma. Babu yako aliuza ng'ombe akamsomesha kaka yangu, mimi nikabaki kijijini Kimali kuchunga waliosalia. Hili nimelisema mezani mara nyingi mpaka mama yako nikilianza tu anahama na sahani yake. Nisilolisema ni nilivyofika Bariadi nikitaka kujifunza redio. Kulikuwa na fundi mmoja mwenye cheti karibu na soko. Kila nilipomsogelea alifunika bodi kwa kitambaa, kama mtu anayefunika ugali nzi wasitue. "Wewe kachaji betri," aliniambia. Basi nikaenda kuchaji betri. Miaka saba nilichaji betri za pikipiki na za sola, na mchaji betri asiye na mita hupima kwa cheche. Unagusisha klipu nyekundu na nyeusi, tap! Cheche nyeupe na nene, betri imejaa. Cheche nyekundu na nyembamba, irudishe. Wote tulipima hivyo. Ulikuwa ufundi na yalikuwa maonyesho, maana mteja namba hazimfurahishi, anataka aone moto.

Nilipoinunua ile pawa saplai ya mezani, mashine ya kulishia umeme wa volti sifuri hadi 15, nilikuwa fundi simu tayari. Nina mita mbili, nina kioo cha kukuza, nina binti aliyemaliza kidato cha nne mwenye macho ya kuona mguu wa chipu bila kioo. Lakini mkono wangu ulikuwa bado wa mchaji betri. Wewe uliniambia. Uliniambia zaidi ya mara kumi: "Baba, si upime kwa mita tu?" Nami nikajibu nilichozoea kujibu: "Mita inakuja na kitabu. Cheche inakuja yenyewe."

Sasa sikiliza mpangilio wa siku, maana ndani ya siku hizo ndimo nilimokuficha ukweli.

Jumanne alikuja Mayu Holo, yaani Mama Holo, kutoka Nkoma. Amebeba simu ndani ya kitambaa cha kichwani, imefungwa mafundo mawili. Kiti tulichompa hakukikalia, alikaa chini kwenye kizingiti. Mwanawe Masunga alikuwa amefukiwa na kifusi kwenye machimbo ya dhahabu, na wenzake walimrudishia nguo, koleo na simu hiyo. Rafiki wa marehemu alimwambia kwamba usiku wa mwisho Masunga alimrekodia mama yake ujumbe wa sauti, ila kule shimoni hakukuwa na mtandao, ujumbe haukuenda. Umo humo ndani. Mayu Holo alisema hivi, na wewe ulikuwepo: "Simu sina shida nayo. Simu mnaweza kubaki nayo. Mimi nataka alichosema." Nikamwambia arudi Ijumaa.

Jumatano, wewe ulikuwa umekwenda na mama yako Nkoma kwenye msiba wa mjomba wake, hukuyaona haya. Nilikuwa nachaji betri ya kijana mmoja wa bodaboda kwa ileile pawa saplai, nimeipandisha hadi 14.4. Nikachomoa klipu kwenye betri, na kwa sababu kijana ananitazama, nikazigusisha nimwonyeshe moto. Safari hii meno ya klipu yakang'atana. Nikavuta, hayakuachia. Sekunde nne, labda tano. Waya ulilainika mkononi kama tambi. Yule kijana akapiga makofi: "Fundi, hiyo si cheche, hiyo ni Krismasi!" Nami nikacheka naye, maana ningefanyaje.

Ikazimika. Ikatoa harufu, si ya plastiki, ni ile kali inayoingia puani na kukaa. Nikafungua fyuzi, imekatika, kioo chake kimekuwa cheusi. Fyuzi ya ampea mbili sikuwa nayo. Nikafanya walivyofanya wote nilioanza nao: nikachuna uzi mmoja wa shaba kwenye waya, nikauzungushia fyuzi mfu, nikairudisha. Ikawaka. Nikaiweka kwenye volti nne, kioo kikasema 4.0. Nikaitazama labda dakika moja. Nikasema nzima.

Haya ndiyo niliyopaswa kufanya, na nayaandika kwa sababu utakuwa na nyumba yako siku moja na vitu vitapigwa shoti humo. Kitu kikishapigwa shoti, cha kwanza si kukiwasha. Chomoa ukutani. Ondoa chaji iliyobaki kwenye kapasita kubwa kwa kuipitishia balbu, si kwa bisibisi, bisibisi ni shoti nyingine. Kisha tazama fyuzi. Iliyokatika usiilaani, imekuja kukupa habari. Kisha daiodi, moja moja. Kisha ile transista kubwa iliyofungwa kwenye bati la kupozea, maana mzigo wote wa shoti hupita kwake. Vikiwa sawa ndipo uwashe, tena kwa kupitia balbu ya wati mia iliyoungwa njiani; balbu ikishika mwanga mkali na isiuachie, zima, ndani bado kuna shoti. Na ikikubali, usiiamini ikiwa haina mzigo. Ifunge taa ya pikipiki, iache nusu saa, soma volti kila dakika tano, shika bati. Kilichopigwa shoti kikiwa baridi huweza kusema chochote unachotaka kusikia.

Yote hayo niliyafanya, bila kuruka hata moja, siku nane baadaye.

Alhamisi unaijua, ila naomba uipitie nami tena, safari hii kutoka upande wa kiti changu. Betri ya simu ya Masunga ilikuwa imevimba, tukaitupa. Tundu la chaji limejaa udongo mwekundu. Ukaisafisha bodi kwa mswaki na spiriti, robo saa nzima, ukitoa udongo ule kidogo kidogo juu ya gazeti, na gazeti hukulitupa. Ulilikunja ukaliweka pembeni. Sikukuuliza kwa nini. Tukafunga klipu mbili za pawa saplai moja kwa moja kwenye bodi, volti 3.8. Ikaonyesha ampea 0.18. Ikapanda 0.21. Ikawaka.

Ukasema, "Baba, imeamka."

Haikuwa na namba ya siri. Ukaufungua ujumbe. Ulikuwapo, na alama yake ya saa pembeni, ya kungoja mtandao. Sekunde 41. Ukanitazama. Nikaitikia kwa kichwa kwamba tusikilize, tuwe na uhakika ndio wenyewe. Ukabonyeza.

Ujumbe ulipokwisha, wewe ulikuwa umeshika meza kwa mikono miwili. Ukasema, na hili ndilo linaloniamsha: "Baba, ngoja niurekodi na simu yangu, isije ikazimika." Nami nikasema, "Acha. Mwenyewe hajausikia bado. Sisi tusiusikilize mara mbili kama redio." Nilijiona mtu mwenye adabu. Nikaongeza kwamba tutachomea tundu jipya la chaji kwanza, tumkabidhi simu inayowaka yenyewe. Nilitaka kumwona akiifungua hapo kizingitini, watu wanapita. Nilitaka yule fundi wa sokoni mwenye kitambaa azisikie habari hizo. Hayo sikuyasema.

Wakati sauti ile inaongea, mimi mkono wangu wa kushoto ulikuwa juu ya bati la kupozea la pawa saplai. Lilikuwa linachoma. Piga hesabu: ndani volti 27, nje 3.8, tofauti 23 na kidogo, mara ampea 0.3, ni wati saba. Wati saba kwenye bati lile ni vuguvugu tu, ni kama kushika kikombe cha chai iliyosahauliwa. Lile lilinifanya niondoe kiganja. Hesabu hiyo niliipiga kichwani palepale, Milembe. Nikaipata, nikaona haiko sawa. Kisha nikakuambia, "Ongeza kidogo, ifike nne kamili."

Ukagusa nobu ya volti. Kwa vidole viwili, upana wa unywele. Bodi ikalia tsss, moshi mmoja mwembamba ukapanda, na kile kichipu cha kumbukumbu kikapasuka katikati.

Nikakupigia kelele: "Umezidisha!"

Lilinitoka bila kuwaza, na hilo peke yake ningeweza kulisamehe. Ijumaa ndiyo siwezi. Mayu Holo alikuja, akakaa palepale kizingitini. Nikamwambia, nikikuonyesha kwa kidevu: "Mayu, binti aliunganisha vibaya. Imeungua kabla haijawaka." Kabla haijawaka. Nilikuwa nimekuita nyuma ya kibanda asubuhi ile, nikakuambia usithubutu kusema tuliisikia. Maana ikijulikana iliwaka, watu watasema ilikuwa nzima mpaka ilipofika mezani kwangu. Ulikuwa na miaka kumi na minane. Ukaniuliza, "Hata maneno yake nisimpe?" Nikasema, "Maneno gani? Hakuna maneno."

Yule mama akakutazama wewe, si mimi. Hakukutukana. Alifunga kipande cha simu kwenye kitambaa, mafundo mawili, akasema wabeja, asante, kama vile tumempa kitu. Akaondoka.

Siku nane baada ya ile shoti ndipo nilipofungua pawa saplai, kwa kuwa ilikuwa imeunguza na redio ya mtu. Nikaiwasha bila mzigo, nikazungusha nobu mpaka mwisho wa kushoto, sifuri. Mita ikasoma 27.4. Nikazungusha mpaka mwisho wa kulia. 27.4. Nikarudisha kushoto. Nilifanya hivyo mara sita au saba, nikitegemea nini sijui. Nobu haikuwa na kazi tena. Shoti ya Jumatano ilikuwa imeijeruhi transista, ikashika ikiwa baridi, Alhamisi ikapata joto, ikaachia kila kitu kipite. Ingeachia hata kama ungekuwa umekaa juu ya mikono yako. Ilikuwa ikitafuta dakika tu, na mimi nilikupa nobu uishike dakika hiyo.

Transista yenyewe nimeiweka ndani ya bahasha hii, imeviringwa kwenye karatasi ya sigara. Siku ukipata mita, pima mguu wa kati na wa kulia, halafu geuza waya upime tena. Itasoma omu 0.3 pande zote mbili. Nzima haiwezi kusoma hivyo. Usiamini maneno yangu, pima.

Nilipoiona 27.4 ningeweza kukuita. Ulikuwa nje hapo, umeanza kukaa mbele ya kibanda ukiuza kava na chaja, mgongo umenipa. Hatua nne. Nikajiambia nitakuambia Jumamosi. Jumamosi bibi yako akaja.

Alikuwa amesikia kwa watu. Akasema binti ana mkono wa moto, vitu vya marehemu vinaungua mkononi mwake, apelekwe kwa mzee wa dawa akaoshwe kabla hajaolewa. Mama yako akakataa, akasema sisi ni watu wa kanisa. Bibi akanigeukia mimi: "Wewe ndiye baba. Sema." Nami nikiwa na ile 27.4 kichwani, nikasema, "Kuoshwa kuna ubaya gani? Maji tu."

Ukaoshwa siku tatu, asubuhi kabla hujala, kwa maji ya majani yale ya uchungu. Beseni nililishika mimi. Siku ya tatu ulinitazama ukaniuliza, "Baba, yataisha?" Nikakuambia yataisha.

Tangu siku hiyo hukukaa tena kwenye meza hii. Mimi nikaendelea. Nilipata wateja, nilijenga chumba cha pili, watu wa Mwandoya wananiletea inveta. Kila kitu nilichokitengeneza miaka hii minne nimekipima mara tatu, na watu wananisifu kwa hilo. Lakini ninapochomeka klipu na simu ya mtu inaamka, kabla haijapiga mlio wake, nasikia jogoo. Kulikuwa na jogoo nyuma ya sauti ya Masunga, unakumbuka? Kijana yuko shimoni, usiku, na jogoo anawika mahali karibu. Nimewahi kuzima pawa saplai nikatoka nje kutazama kama jirani kanunua kuku. Mama yako anadhani masikio yangu yana tatizo. Amenitaka niende hospitali. Nimempa sababu mbili tatu.

Nilitafuta wa kumlaumu, nawe unajua nina orodha. Babu yako na ng'ombe zake. Fundi na kitambaa chake. Aliyeniuzia pawa saplai ya bei ya chini. Nilisema, nani alinifundisha? Hakuna aliyenifundisha. Ni kweli. Ila nilipokuwa nimeshika beseni nilikuwa sihitaji kufundishwa na mtu yeyote.

Basi juzi Alhamisi nilikuambia nakwenda kufunga sola. Nilikwenda Nkoma.

Mayu Holo yupo. Amekonda, lakini yupo. Nilimkuta amekaa juu ya gunia anachambua pamba, nyeupe huku, yenye majani kule. Nikamwamkia, "Mwadila, mayu." Akaitikia, akakaza macho kunitazama.

"Wewe si yule fundi?"

"Ni mimi."

"Umezeeka haraka. Kaa, usikalie pamba."

Nilikuwa nimepanga maneno tangu Bariadi, saa moja na robo juu ya pikipiki. Nikaanza na fyuzi. Ndiyo, nilianza na fyuzi, nikamwelezea uzi wa shaba. Akanikatisha: "Baba, mimi sijui mambo hayo. Sema kilichokuleta." Nikasema: mwanangu hakuunguza simu. Niliunguza mimi. Na haikuungua kabla haijawaka.

Akaacha pamba.

"Kwa hiyo iliwaka."

"Iliwaka, mayu."

"Akasema."

"Alisema."

"Mkamsikia."

"Tulimsikia. Mimi na binti yangu."

Nilingoja anitupie kitu, anipigie yowe, majirani waje. Nilikuwa nimejiandaa, hata pikipiki nilikuwa nimeigeuza ielekee barabarani. Aliinama mbele, akaweka mkono kwenye goti langu kama mtu anayeomba, akauliza, "Alisema nini?"

Nikafungua mdomo. Milembe, sina. Nina 0.18, nina 0.21, nina sekunde 41, nina joto la bati. Nina "Mayu, ni mimi," nina jogoo, nina mahali fulani katikati ambapo alicheka. Yaliyobaki hayamo. Wakati mtoto wa watu anaongea na mama yake mara ya mwisho, mimi nilikuwa nasoma kioo. Nikampa hivyo vitatu vya mwisho. Akavipokea. "Alicheka?" akauliza. Nikasema alicheka. "Alicheka vipi?" Sikuweza kukiiga.

Mbuzi akaja kunusa pamba, Mayu Holo akamfukuza. Kisha akasema, "Na binti yako, anakijua Kisukuma vizuri, au ni hawa wa mjini?"

"Anakijua. Amekulia kwa bibi yake."

"Basi yeye anayo. Wasichana husikiliza. Mwambie aje anipe."

Nikamwambia unasafiri. Na kwa upumbavu wangu nikaongeza kwamba tangu siku ile watu walisema mkono wako una moto, nawe huna raha ya kugusa vitu vya watu, labda usingependa.

Akarudia pamba yake. "Nimesema aje na mdomo," akasema. "Mkono abaki nao mwenyewe."

Hakuniambia amenisamehe, na sikumuuliza. Niliposimama alisema tu, "Ungekuja kabla macho yangu hayajaanza ukungu, ningemwona binti yako anavyosema." Nikaondoka na hilo.

Najua unayo. Mwezi wa tatu ulikuwa unaosha vyombo uani, hukujua nimerudi. Ulikuwa unasema polepole, kwa Kisukuma, kwa sauti nzito isiyo yako, na ukafika mahali ukacheka kile kicheko. Chenyewe kabisa. Ukaniona, ukaanza kuimba wimbo wa kwaya. Kumbe umekuwa ukiurudia usipotee. Miaka minne umelinda sekunde 41 za mtoto wa mtu kwa sababu baba yako alisema hakuna maneno.

Sitakuambia ufanye nini. Nimekwisha kukuambia vya kutosha kwa maisha yako yote, na vingi vilikuwa uongo. Kahama ni mahali pazuri, shangazi yako ni mtu mwema, na kama ni nguo unazitaka kweli, uza nguo. Chuo nilikwenda kuuliza, wanapokea tena mwezi wa kwanza. Nimeuliza kwa sababu napenda kujua namba, si kwa kukuvuta. Na kama ukisoma haya usitake kuniona, hilo nalo lina haki yake. Mama yako nitamweleza mimi leo, ukiwa umelala. Bibi yako nitamfuata kesho kutwa, na sitaongea kwa upole.

Barua hii nitaiweka juu ya mto wako kabla hujarudi. Saa kumi na moja alfajiri nitakuwa nje, nimekaa kwenye pikipiki, imewaka. Sitabisha hodi na sitasema neno. Ukitoka na begi, nakupeleka stendi. Ukitoka bila begi, tunakwenda Nkoma, nami nitabaki barabarani wakati unaongea.

Baba yako.